Mrejesho: kuhamisha viinitete vya kondoo

Habari zenu wafugaji. Niliwauliza kama mfugaji wa kawaida hapa Masindi anaweza kuanza kuhamisha viinitete, yaani kuchukua mimba changa za siku chache kwa jike mmoja na kuzipandikiza kwa mwingine, ili kondoo wetu wa kienyeji wabebe mimba za Dorper, aina ya kondoo wa nyama. Wengi mlinishauri nianze na uhimilishaji (kupandisha kwa mbegu za dume kwa mrija). Nilishikilia langu.

Kazi kubwa si upasuaji, ni kalenda. Majike wote, watoaji (Dorper wanaotoa viinitete) na wabebaji (wa kienyeji wanaopandikizwa), waliwekewa ukeni sponji zenye homoni ya projesteroni kwa siku 12 hadi 14 ili waingie joto pamoja. Watoaji wakachomwa sindano za FSH, homoni ya kukuza mayai, asubuhi na jioni, dozi ikipungua kila siku, wapevushe mayai mengi kwa mpigo. Mbebaji akipishana joto na mtoaji kwa zaidi ya siku moja, uwezekano wa mimba kushika hushuka sana. Mmoja alichelewa tukamtoa, na ndiye aliyenona kuliko wote!

Viinitete huvunwa siku ya 6 au ya 7 baada ya joto. Kwa ng'ombe daktari hupitia mlango wa kizazi, lakini wa kondoo umejipindapinda, hivyo hupasuliwa tumboni. Hapo ndipo hela inapokwenda. Kabla ya hapo hunyimwa chakula. Usiku ule walilia mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Vipimo vinaonyesha zaidi ya nusu ya wabebaji wameshika mimba. Mimba ya kondoo ni miezi mitano hivi, kwa hiyo bado tunasubiri.

Aliyeuliza gharama: kama unataka machotara wa nyama tu, uhimilishaji ni nafuu zaidi. Mimi nilitaka Dorper halisi.