Naomba ushauri: kaka yangu alitumikia jeshi la Marekani, sasa analala ndani ya gari

Ndugu zangu, habari za kwenu. Kaka yangu, mzaliwa wa Mombasa, alijiunga na jeshi la Marekani akiwa na kadi ya kijani, na sasa, baada ya kuachishwa kazi na kulimbikiza kodi ya nyumba, analala ndani ya gari lake huko Texas. Cheti chake cha kuondoka jeshini, DD-214, anakihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti cha dereva, lakini hataki kukipeleka popote, kwa kuwa hakuondoka kwa heshima kamili na anaamini milango yote imefungwa. Jambo hilo linaniumiza sana, kwani ninavyofahamu, mpango wa SSVF wa serikali ya Marekani kwa maveterani (askari waliotoka jeshini), unaosaidia kulipa malimbikizo ya kodi na amana ya nyumba mpya, huwapokea hata wengi wenye cheti cha aina yake, na tangu 2021 ndivyo ulivyo pia mpango mwingine wa makazi kwa maveterani, HUD-VASH, unaotoa vocha ya kodi pamoja na mhudumu wa kufuatilia hali ya mhusika, huku mpangaji akichangia takriban asilimia 30 ya kipato chake.

Kwa wale waliopitia njia hii au kumsaidia ndugu: aanzie kwenye hospitali ya maveterani iliyo karibu, au kwenye shirika linaloendesha SSVF? Je, wakati anasubiri vocha anaweza kupatiwa malazi ya muda? Nami niliye Nairobi, naruhusiwa kuwapigia simu kwa niaba yake, au ni lazima aniidhinishe kwa maandishi?