Kaka yangu anavuka jangwa la Chalbi peke yake: kifaa cha setilaiti kinatosha?

zuhura_tudor

Habari zenu wapendwa. Niko Mombasa, Tudor. Mdogo wangu ni mwalimu, ana miaka 31, na likizo ya Agosti anataka kuendesha baiskeli peke yake kutoka Maralal, apitie Baragoi, South Horr, Loiyangalani, North Horr na Kalacha, atokee Marsabit. Anasema siku tisa au kumi. Mama bado hajaambiwa. Niliyeambiwa ni mimi, na nitakayekuwa napokea habari zake ni mimi.

Rafiki yake amemwazima Garmin inReach Mini 2, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Nimeishika mkononi: nyepesi, gramu mia hivi, ina kijiantena kifupi na kitufe cha SOS chenye kifuniko. Yeye ananiambia, "Dada, hiki kinafika popote, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi wangu ndio kwanza umeanza. Akibonyeza SOS, mimi niliyeko Tudor nafanya nini? Na siku nisipopata ujumbe wowote, nisubiri hadi lini kabla ya kuanza kupiga simu? Kama kuna aliyewahi kwenda au aliyewahi kusubiri, naomba anieleze bila kunificha.

fundi_gurudumu

Dada, mimi ningemshauri atafute PLB, kile kifaa kidogo cha kuita uokoaji tu. Inapiga kwenye 406 MHz kupitia Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, ule uliookoa watu wa kwanza mwaka 1982. Haina malipo ya kila mwezi na betri yake inakaa miaka bila kuguswa. Ukiiwasha inapiga kwa saa 24 au zaidi. Ila isajiliwe kwa jina lake kabla hajaondoka. Na mvua ikinyesha asiguse Chalbi kabisa, ule udongo unajaa kwenye uma wa baiskeli hadi gurudumu linakataa kuzunguka.

msafiri_isiolo

Dada Zuhura, sisi tunaoondoka mara nyingi hatuulizwi hilo swali lako, na ndilo kubwa. Nimepita njia hiyo mara nne, tatu kwa pikipiki na moja kwa baiskeli, zote peke yangu, na kifaa cha aina hiyo kimefungwa kwenye mkanda wa begi.

Fundi hajakosea kuhusu PLB, na ningekuwa mvuvi ningeichukua. Lakini PLB ina neno moja tu: niokoeni. Haiwezi kukwambia "nimepata pancha tatu, nitafika kesho." Wewe wa nyumbani unahitaji hilo neno la pili kuliko la kwanza.

Tuanze na huko kuazima, maana hapo ndipo nilipoogopa niliposoma. Kifaa kimesajiliwa kwa jina la rafiki yake. Kaka yako akibonyeza SOS, ujumbe unapanda kwenye setilaiti za Iridium na kushukia kituo cha Garmin huko Texas, Marekani, ambako watu wako zamu usiku na mchana. Hao hawana helikopta Kalacha. Kazi yao ni kumwandikia aliyebonyeza wajue kimempata nini, kuwapigia watu walioandikwa kwenye akaunti, na kutafuta waokoaji wa nchi aliyoko. Sasa hivi walioandikwa pale ni watu wa rafiki yake! Atapigiwa mama mmoja asiyejua hata kwamba kifaa kimetoka nyumbani. Leo hii waingie kwenye akaunti wabadilishe: wewe uwe wa kwanza, na wa pili awe mtu asiyelala nyumba moja nawe. Wahakikishe pia malipo hayajakatika, kwa sababu bila malipo hata SOS haiendi.

La pili ni anga. Setilaiti za Iridium ziko 66, zinapita karibu kilomita 780 juu yetu, kila moja inazunguka dunia kwa dakika mia hivi. Hakuna iliyosimama juu ya kichwa chako ikikungoja. Kifaa lazima kione mbingu, kisubiri inayopita. Chalbi ina mbingu wazi kuliko mahali popote nilipowahi kulala. Shida inaanza mtu anapofika kwenye kivuli.

Nakupa la kwangu. Septemba 2022 nilifika Kalacha na upepo wa mbele siku nzima, chumvi imekauka kwenye nyusi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana ujumbe wa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikakaribishwa kwenye chumba cha mabati, nikaletewa chai ya maziwa ya ngamia, nikabonyeza ujumbe wa "nimefika". Skrini ikaandika kwamba kinatuma. Nikakiweka juu ya begi, nikalala kama gogo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka nje nacho, na pale pale, chini ya nyota, ndipo kilipotuma. Usiku mzima kilikuwa kinatafuta setilaiti chini ya bati.

Mke wangu alikesha sebuleni, mtoto wetu wa miezi minane mgongoni, akipiga namba yangu isiyopatikana. Nilipompigia kutoka Marsabit hakusema neno. Nilisikia anavuta pumzi tu. Nilikaa chini kwenye ngazi za duka nikamsubiri amalize.

Tangu hapo sikitoi machoni kifaa kabla sijaona kimeandika kwamba ujumbe umekwenda. Nakiegemeza kwenye jiwe, antena juu, nakaa nacho. Wakati mwingine ni dakika mbili, wakati mwingine ishirini. Na mimi na mke wangu tuliandika makubaliano, karatasi yenyewe iko kwenye mlango wa friji hadi leo.

Inasema hivi. Kufika saa mbili usiku kukiwa kimya, hapigiwi mtu, anafungua ramani kwenye ule ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha nilipo. Kifaa kinaacha nukta kila dakika kumi. Nukta zikiishia mjini, nimefika na nimekwama kwenye mambo ya mabati. Saa mbili asubuhi bado kimya na nukta haijasogea, anampigia mtu wa mji niliotoka na mtu wa mji ninaokwenda. Hao ni watu halisi, mwenye duka, mwenye gari, ambao namba zao nimezichukua mwenyewe nikipita. Saa nne asubuhi hawajanipata, anapiga polisi na AMREF Flying Doctors.

AMREF wana ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, wanafanya kazi hiyo tangu 1957, na mtu anaweza kujiunga kabla ya safari. Lakini lielewe hili vizuri: ndege haitui alipoanguka mtu, inatua uwanjani. Loiyangalani, North Horr na Kalacha kuna viwanja vya vumbi, na usiku havina taa. Kwa hiyo kati ya mgonjwa na ndege lazima kuwe na gari. Ndiyo maana namba ya mwenye Land Cruiser wa kila mji ni dawa kuliko kitufe chenyewe.

Usalama wa njia ni jambo jingine, na hapo kifaa hakisaidii. Afike Baragoi aulize kwa chifu na kwa madereva wa malori kabla ya kutia mguu kwenye pedali. Wakimwambia ngoja, angoje.

zuhura_tudor

Ndugu yangu, Mungu akubariki, na mkeo mpe salamu zangu. Hilo la akaunti lisingetupitia akilini. Nina swali moja. Nikifungua ramani saa nane mchana nikaona nukta imesimama katikati ya jangwa saa mbili nzima, hapo moyo nautulizaje?

msafiri_isiolo

Hapo kuna uwezekano mkubwa amelala chini ya turubai. Kwa baiskeli, pale hakuna anayeendesha kuanzia saa tano hadi saa tisa, jua linaua. Mwambie kila akisimama kwa muda mrefu atume ujumbe ulioandaliwa. Kifaa kina nafasi ya ujumbe tatu za kuandikwa mapema kwenye akaunti, na lazima ziandikwe kabla ya kuondoka. Zangu ni: "Nimefika, nalala hapa." "Nimesimama, niko mzima." "Chombo kimeharibika, mwili mzima." Hiyo ya tatu mke wangu ndiye aliyeitunga. Na mkubaliane kwamba siku ambayo nukta imesimama bila ujumbe wowote, unamwandikia wewe kwanza, kisha unampa saa moja. Ujumbe wako huwa unachelewa kufika kwake kama amekifunika kifaa.

muuguzi_marsabit

Naongezea kwa upande wa hospitali. Ujumbe mmoja una herufi 160, na mtu mwenye maumivu huzimaliza kwa kuandika "nisaidieni naumwa sana". Mahali alipo kifaa kinapeleka chenyewe, kwa hiyo aandike yale kisichoyajua. Mfano: "Nyoka, mguu wa kulia, saa 9 mchana. Uvimbe hadi goti. Siwezi kutembea. Maji lita 4. Niko peke yangu." Hapo mimi nikisomewa kwa simu najua nitayarishe nini, na mwenye gari anajua abebe machela. Baada ya kutuma atulie, mguu usichezeshwe, asikate, asifunge kamba. Nyoka wa huku wapo wadogo wanaojificha mchangani, atembee na tochi usiku hata akienda hatua kumi kujisaidia.

Jingine, akifika Marsabit asije akashawishika kuendelea Moyale na kuvuka Ethiopia nacho. Kule vifaa vya setilaiti vinahitaji kibali.

zuhura_tudor

Narudi kuwaambia tulipofikia. Rafiki yake alikuja jana, akaunti imebadilishwa: mimi wa kwanza, wa pili ni mjomba wetu wa Nanyuki, ambaye ana gari na anajua kuongea na polisi. Uanachama wa AMREF amelipia mbele yangu, nimeona risiti.

Jioni tulipanda juu ya nyumba, kwenye matangi ya maji. Akabonyeza "Nimefika, nalala hapa", akakiegemeza kwenye tofali, na sote wawili tukakitazama bila kusema. Dakika ya nne simu yangu ikalia. Nikafungua ramani, nikaona nukta iko juu ya paa letu, karibu na mkono wa bahari. Halafu akakishusha chumbani chini ya zege akatuma tena makusudi. Tukala, tukaosha vyombo, ule wa pili haujaja. Akaniangalia, akachukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: NJE KWANZA.

Leo saa kumi tunakwenda kwa mama kumwambia. Nabeba karatasi yenye saa zote na namba zote, maana najua ataniuliza lile lile nililowauliza ninyi.