Tamthilia mpya: kuiuza kwa televisheni au kuipandisha YouTube wenyewe?

MtayarishajiKinondoni (mleta mada):
Ndugu wanajukwaa, kampuni yetu ndogo ya Dar es Salaam imekamilisha msimu wa kwanza wa tamthilia ya familia, na sasa hatuna budi kuamua itoke wapi. Njia ya kwanza ni kuiuza kwa chaneli ya kulipia, kwa mfano Maisha Magic Bongo ya DStv au Sinema Zetu ya Azam. Ya pili ni kuipandisha YouTube sisi wenyewe na kutegemea mgawo wa matangazo. Zamani swali hili halikuwapo, kwa kuwa mwenye mitambo ya kurushia ndiye aliyekuwa na watazamaji. Naomba ulinganisho wa fedha na wa hakimiliki, kwani wasanii wetu wanasubiri malipo yao ya mwisho na sitaki kuwaahidi nisichokuwa na hakika nacho.

MhasibuWaSanaa:
Ndugu mleta mada, ikiwa wasanii wanasubiri, tofauti ya kwanza ni wakati. Chaneli hulipa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hata kama tamthilia haikupata watazamaji. YouTube haigawi mapato ya matangazo ya video ndefu mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na, kwa kazi ya aina yenu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukishafika hapo, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonekana kwenye video hizo, na fedha hazitumwi mpaka salio lifike dola 100. Asilimia hiyo inavutia, lakini bei ya tangazo hufuata nchi aliko mtazamaji, na kampuni hulipa kidogo mno kumfikia mtu wa Tabora kuliko wa Toronto. Tena, tangu Juni 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yatokanayo na watazamaji wa huko, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, makato ni asilimia 30. Jazeni fomu ya kodi mapema, maana asiyeijaza anaweza kukatwa hata kwenye mapato ya nchi nyingine.

MnunuziWaMatangazo_Nairobi:
Mimi hununua nafasi za matangazo kwa niaba ya makampuni, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wa anayetoa fedha. Kituo cha televisheni huniuzia saa tatu usiku kwa kukadiria ni watu gani waliokaa mbele ya runinga. YouTube huniuzia mtazamaji kwa mji, kwa umri na kwa lugha, kisha hunionyesha ni wangapi walioliruka tangazo langu. Hiyo ndiyo sababu bajeti inahama. Nchini Marekani, vipimo vya Mei 2025 vya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, vilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba video za mtandaoni zilichukua asilimia 44.8 ya muda wa kutazama runinga, zikazipita chaneli za kawaida na za kebo zikijumlishwa pamoja. Huku kwetu bando bado ni ghali na king'amuzi bado kina nguvu, lakini mnunuzi wenu ameshaguswa. MultiChoice, wenye DStv, walifunga mwaka wao wa hesabu Machi 2025 wakiwa na wateja wapatao milioni 14.5, pungufu ya takriban milioni 1.2 kwa mwaka mmoja, na Septemba wakaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Ugumu wa maisha na kushuka kwa sarafu vilichangia, si mtandao peke yake. Kinachoibeba televisheni sasa ni mpira wa moja kwa moja: mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha zikielekea uwanjani kiasi hicho, tamthilia hugombea kinachobaki, na hilo linanitia wasiwasi kwa ajili yenu.

BintiWaMuscat:
Huku Muscat watoto wetu hawakijui king'amuzi cha Dar es Salaam. Runinga ya sebuleni hufungua YouTube, na Kiswahili wanakisikia humo. Mkiipandisha, tafadhali wekeni tafsiri ya Kiarabu chini ya picha, kwa sababu si kila aliyeolewa katika familia hizi anaijua lugha yetu.

MwanasheriaMwanza:
Nadhani mleta mada amelazimika kuchagua pasipo lazima. Haki ya kurusha tamthilia hugawanyika kwa njia, kwa nchi na kwa muda, na kila sehemu inaweza kuuzwa peke yake. Nimesoma mikataba ambayo mtayarishaji aliuza haki za njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, duniani kote na milele, kwa bei ya kurushwa mara mbili tu. Wakati soko jingine lilikuwa DVD za Kariakoo, kifungu hicho kiliumiza kidogo. Leo kinamaanisha kwamba kituo kinaweza kuipandisha kazi yenu kwenye chaneli yake ya YouTube na kuvuna mwaka baada ya mwaka, nanyi msiwe na neno. Ombeni basi chaneli ipewe haki ya kurusha kwanza, Afrika Mashariki pekee, kwa miezi 12, na muda huo ukiisha haki zirejee kwenu bila kuandikiana barua. Intaneti ya nje ya Afrika Mashariki ibaki kwenu tangu siku ya kwanza, ili dada yetu wa Muscat asisubiri. Wakidai vyote, kila haki iandikiwe bei yake.

MtayarishajiKinondoni:
Nashukuru sana, Wakili. Je, YouTube inawezekana kuifungulia Muscat na kuifungia Dar es Salaam?

MhaririWaVideo:
Kwa akaunti ya kawaida haiwezekani. Uwezo wa kuzuia video kwa nchi, pamoja na mfumo wa Content ID unaonasa nakala zilizopandishwa na wengine, hupewa wamiliki wakubwa wa haki na mawakala wao. Itawabidi mpitie kwa wakala anayechukua asilimia, na mkataba wake usomwe kwa makini yale yale aliyoeleza Wakili. Wakati huo, pandisheni mahojiano ya wasanii na picha za wakati wa kurekodi, mradi mkataba wa chaneli usiyaguse, ili saa 4,000 zianze kuhesabika kabla msimu haujarejea kwenu. Faili za awali, zenye sauti na muziki uliotenganishwa, msizikabidhi kwa yeyote. Chaneli inatosha kupewa nakala ya kurushia.