Naomba ushauri: nijenge Nakuru au nitafute Kisumu? Huu ufa unanitia hofu

Mama_Njoro: Wadau, nisaidieni. Nimepata ploti nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa Njoro, bei nzuri. Kaka yangu ananiambia Afrika inapasuka vipande viwili na nyumba itaenda na ufa. Ni kweli? Ama nihamie Kisumu? Usingizi umenipaa.

Kijana_wa_Kano: Karibu Kisumu dada, lakini usidhani utakuwa umeukimbia ufa. Uwanda wetu wa Kano na ile miinuko ya Nyando ni tawi la Bonde la Ufa. Huku kinachotuhamisha ni mafuriko. Mama yangu amewahi kulala darasani na kuku wake wote.

Mwalimu_Jografia: Kaka yako amesema nusu ya ukweli. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyosogea, ndiyo mabamba. Bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Yakiachana, ardhi ya katikati hudidimia na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupata njia ya kupanda. Ndiyo asili ya bonde, volkano za Menengai na Longonot, na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Yakigongana mambo hugeuka: India iliisukuma Asia, Himalaya ikainuka. Bamba la Nazca linazama chini ya Amerika Kusini, ndipo Andes na volkano zake. Kule California yanasuguana ubavu kwa ubavu, na matetemeko hayaishi. Lakini dada, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya milimita. Ploti yenyewe ina nini?

Mama_Njoro: Sawa. Kuna ufa. Ulitokea wakati wa masika, ukapita kando ya mparachichi hadi kwenye ua. Mwenyewe ameujaza murram. Lakini jirani amejenga na yuko salama! Halafu nimeshatoa arubuni.

Mzee_Kinyozi: Arubuni kwanza, ushauri baadaye! Bei rahisi inatuponza. Marehemu baba alitufundisha kukagua shamba mvua ikinyesha.

Msafiri_Magharibi: Hadithi ya kutunga hii. Ule ufa wa Mai Mahiu 2018 ulikuwa hivi hivi, dunia nzima ikaambiwa Afrika imekatika. Picha iko wapi?

Mama_Njoro: Siwezi kuanika ploti ya mtu hapa. Nguzo moja ya ua haina udongo chini, inaning'inia kwenye waya. Nilitupa jiwe, nikalisikia likigonga, likagonga tena. Nitayatungaje hayo?

Mwalimu_Jografia: Mimi namwamini. Sehemu nyingi za huku ni majivu ya volkano yaliyofunika mipasuko ya zamani. Maji ya mvua yakipenya huyabeba majivu chini kwa chini, juu panabaki tabaka jembamba, siku moja panaporomoka. Mipasuko ni kazi ya mabamba, shimo ni kazi ya maji. Murram itamezwa mvua ijayo. Usilipe salio kabla mjiolojia hajapapima. Na popote utakapojenga Nakuru, weka nondo za kutosha: tetemeko la Subukia la 1928 lilifika ukubwa wa 6.9.

Mama_Njoro: Wakala anataka salio Jumatatu. Na fundi nimeshampa ramani.

Kijana_wa_Kano: Fundi asubiri, dada. Maji ya barabarani yanaelekea wapi mvua ikinyesha?

Mama_Njoro: Yanaingia hapo hapo kwenye ploti.