Malori Usagara–Nyegezi: foleni ya modeli ni fupi mno

Leni_Moja: Wadau, natengeneza modeli ya barabara ya Usagara hadi Nyegezi, Mwanza, kwenye SUMO (programu ya kuiga mwendo wa magari). Idadi ya magari kwa saa inalingana na tuliyohesabu barabarani, lakini malori yanapanda milima kama yako tambarare na foleni nyuma yake ni fupi. Kimo cha barabara (urefu wa milima) nimeweka, na kila lori nimelihesabu kama magari madogo 2. Nakosea wapi?

Mhesabu: Mkuu, hiyo 2 ni ya hesabu ya karatasi. Magari 600 kwa saa upande mmoja, malori 15%: 600 × (1 + 0.15 × 1) = 690. Lori likifikia thamani ya magari 5 kwenye mlima mrefu, magari yaleyale yanakuwa 960. Kwa hiyo namba moja haiwezi kutumika njia nzima. Ndani ya uigaji, lori libaki lori. Ukiligeuza kuwa magari 2 umefuta chanzo cha foleni, yaani mwendo wake mdogo.

Giaboksi: Kuna jambo kubwa zaidi. Krauss, kanuni ya kawaida ya SUMO ya jinsi gari linavyomfuata wa mbele, haisomi mwinuko hata ukiweka kimo. Weka carFollowModel="KraussPS". Nayo haitoshi, maana inagusa uchapukaji tu, yaani kasi inavyoongezeka: lori lenye accel (uchapukaji) 1.3 m/s² kwenye mwinuko wa 4% linapoteza 9.81 × 0.04, linabaki na 0.91, na mwishowe linafika spidi yake ya juu vilevile.

Spidi ya kupanda ikokotoe mwenyewe: nguvu ÷ (uzito × 9.81 × (mwinuko + msuguano wa matairi)). Semi trela ya tani 50, kilowati 250 kwenye magurudumu, mwinuko 0.04, msuguano 0.008: mita 10.6 kwa sekunde, kama km 38 kwa saa. Ikiwa tupu, tani 18, mlima huohuo hauizuii kabisa. Ndiyo maana lazima uwe na vType (aina ya gari) mbili, yenye mzigo na tupu. Ukichukua wastani wa uzito unapata lori ambalo halipo barabarani. Kisha tumia TraCI, njia ya kuiamuru SUMO ikiwa inaendesha, kushusha maxSpeed (spidi ya juu) mlimani na kuirudisha kileleni. Ishushe kidogo kidogo, la sivyo lori litafunga breki ghafla na kuzua foleni ya uongo.

Bajaji_Data: Ukimaliza hapo foleni inaweza kuzidi, kwa sababu hakuna anayeovateki. Kwa leni moja kila upande, jenga mtandao kwa opposites.guess, inayoruhusu kuovateki kwa kutumia leni ya upande wa pili. Kwa ajili ya bodaboda za kuanzia Buhongwa kuingia mjini weka pia lateral-resolution 0.8 (inagawa leni kwa upana, na inahusu modeli nzima), bila hiyo bodaboda moja inakalia leni nzima.

Leni_Moja: Shukrani sana. Malori ya kutoka Kigongo tulihesabu 2024, data hiyo inafaa?

Mhesabu: Hapana, rudini barabarani. Enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi yalishuka kwa mafungu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lichukue nafasi yake Juni 2025 yanakuja yametawanyika. Hesabuni kwa vipindi vya dakika 5, maana saa nzima inaficha mafungu, na mtenganishe yenye mzigo na matupu. Halafu GEH (kipimo cha tofauti kati ya magari ya modeli na yaliyohesabiwa) chini ya 5 isikuridhishe, inapima idadi tu. Pima pia, chini ya mlima na kileleni, asilimia ya magari yanayomfuata wa mbele kwa chini ya sekunde 3, ulinganishe na modeli sehemu hizohizo.