Naomba ushauri: "tu" au "vous" kwa mama mkwe Mfaransa?

Ndugu zangu, nimeolewa katika familia ya Kifaransa mjini Lyon, na mama mkwe ameniomba niache kumwambia "vous" ("wewe" ya heshima kwa Kifaransa), nitumie "tu" ("wewe" ya watu wa karibu) kama wanawe wanavyofanya. Naelewa kwamba kwa desturi yao mwenye umri mkubwa ndiye anayetoa ruhusa hiyo, na kwamba kung'ang'ania "vous" baada ya kuruhusiwa kunaweza kuonekana kama kujitenga. Lakini kwa kuwa nimelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo, ulimi wangu huwa mzito. Isitoshe, dada yake, ambaye hajaniruhusu, huketi nasi meza moja. Je, ni adabu kumwambia mmoja "tu" na mwingine "vous" katika mazungumzo yaleyale? Mlioolewa huko, tafadhali nielekezeni.