Naomba ushauri: mama ana lehemu (kolesteroli) nyingi, atumie mafuta gani?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61, yuko Singida. Mwezi uliopita alipimwa akaambiwa lehemu iko juu, na presha anayo tangu zamani. Daktari alimwambia "punguza mafuta", basi.

Nyumbani tunatumia alizeti ya kukamuliwa mtaani, ile nzito yenye harufu ya mbegu, tunanunua dumu la lita 5. Sasa dada yangu katumiwa video inayosema mafuta yote ya mbegu ni sumu, eti turudi kwenye samli na mafuta ya nazi. Mama keshaogopa. Jana kakataa mchicha kwa sababu umeungwa na alizeti. Roho iliniuma.

Ninavyofahamu, samli na nazi ndiyo yenye mafuta mengi yanayoganda, yale yanayopandisha lehemu mbaya, na karibu nusu ya mawese ni hayo hayo. Ya alizeti yana kidogo. Kinachonitisha zaidi ni karai la maandazi: mama anakaanga ya kuuza kila alfajiri, mafuta yale yale siku tatu, nne, mpaka yanakuwa meusi, yanatoa povu na moshi unaowasha macho. Kuyamwaga anaona hasara.

Mliouguza wazazi wenye hali hii, mmefanyaje? Mafuta ya kukaangia mnabadilisha baada ya mara ngapi? Na hiyo video nimjibu vipi mama aelewe, maana mimi kwake bado mtoto?